Fidia ya Korona kwa Wakulima: Jina Lako Likibandikwa, Nani Anafaidika?

Shemeji yangu anafuga kuku wa mayai Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na Aprili 2020 sebule yake iligeuka ghala. Shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, hoteli za mjini hazina wageni, na mama lishe waliozoea kumchukulia trei tano tano wakawa wanachukua moja, tena kwa mkopo. Kuku hawajui korona. Walitaga kama kawaida, trei zikajaa stoo, zikahamia sebuleni, watoto wakakatazwa kucheza ndani. Pumba na mashudu navyo havikopeshwi. Mwisho wa siku akauza nusu ya kuku kwa bei ya kutupa, wakiwa bado wanataga.

Hakuna aliyemfidia, na wala hakutarajia. Mwaka uliofuata binamu yetu anayefanya kazi kwenye mabanda ya nguruwe jimbo la Iowa, Marekani, akatuma ujumbe wa sauti kutueleza kwamba bosi wake alilipwa na serikali kwa sababu ya korona. Shemeji hakushangaa kusikia habari ya hela, Marekani kuna hela. Alichoka na maneno ya mwisho ya ule ujumbe: kwamba binamu aliingia mtandaoni, akaandika jina la bosi wake, akaona kalipwa ngapi.

"Wanaweka majina?" akauliza. "Na kiasi? Basi huyo bosi mwaka huu atakopwa na ukoo mzima."

Tulicheka, lakini kauli hiyo haijanitoka kichwani. Tunalitamka neno "uwazi" kama swichi ya taa, ama imewashwa ama imezimwa. Ukiifuata hela ya fidia kutoka hazina mpaka mfukoni mwa mkulima, unakuta milango kadhaa, kila mmoja na kufuli lake, na mara nyingi tunagombania mlango usio na kitu ndani. Nianze na Marekani, kwa kuwa huko kila hatua imeacha karatasi, kisha nirudi nyumbani.

Hela ilitokaje

Sheria ya dharura iliyoitwa CARES ilisainiwa Machi 27, 2020, ikiwa na jumla ya dola trilioni 2.2. Aprili 17 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatangaza fungu la wakulima, dola bilioni 19. Kati ya hizo bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua maziwa, nyama na mboga zigawiwe kwa wenye shida ndani ya maboksi. Mpango wa malipo ukajulikana kwa kifupi kama CFAP. Septemba ikaja awamu ya pili ya hadi dola bilioni 14, na hesabu ya awamu zote ilipofungwa malipo yalikuwa yamekaribia dola bilioni 31.

Sababu yake shemeji angeieleza bila kusoma popote. Migahawa na shule zilifungwa, maziwa yakakosa mnunuzi yakamwagwa. Wafanyakazi wa machinjio wakaugua, machinjio yakafungwa, nguruwe waliofikia uzito wakakosa pa kwenda huku wakiendelea kula. Ni sebule ya Chanika, ila kwa ukubwa wa bara.

Mkulima alijaza fomu kwenye ofisi ya wilaya yake, akaandika ana mifugo mingapi au ekari ngapi za zao gani, akatia sahihi kwamba asemayo ni kweli. Hakutakiwa kuja na risiti. Aliambiwa atunze karatasi zake, maana anaweza kuchaguliwa kukaguliwa. Kwa maneno mengine serikali iliamua kulipa kwanza na kuhakiki baadaye.

Sisi tunaijua njia ya pili, ile ya kuhakiki kwanza. Novemba 2018 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo, timu za uhakiki zikatumwa kusini, na mwenye zaidi ya kilo 1,500 akatakiwa aonyeshe shamba lake, ili kuwanasa walanguzi wa kangomba walionunua kwa vipimo vya mabakuli na kujifanya wakulima. Lengo lilieleweka. Lakini mkulima halali naye alikaa miezi akisubiri hela yake, ada za shule zinadaiwa. Ukilipa haraka utaibiwa kidogo, na ukihakiki sana utawaumiza waliostahili. Serikali inayosema imekwepa yote mawili ningeomba kuona vitabu vyake.

Kashfa iliyokaa ndani ya fomula

Watu wengi hapa huruka moja kwa moja hadi kwenye majina. Tusiruke.

Katika awamu ya pili ya CFAP kila nguruwe alilipiwa dola 23 na kila ng'ombe dola 55, ukiacha wale wa kuzalisha, kwa idadi ya siku moja ambayo mkulima mwenyewe aliichagua kati ya Aprili 16 na Agosti 31, 2020. Mwenye nguruwe 100 alipata dola 2,300. Mwenye nguruwe 5,000 alipata dola 115,000. Hakuna aliyemhonga mtu hapo, ni kuzidisha tu. Kikomo cha malipo kwa mtu mmoja kilikuwa dola 250,000, na kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani kwa saa za kutosha iliweza kufika 750,000.

Kwa hiyo orodha ya majina ikitoka, macho yanakimbilia juu kwa wakubwa, na mdomo unasema "wameiba". Hawakuiba. Aliyeandika fomula ndiye aliyeamua kwamba mwenye kingi aongezewe, na fomula ilikuwa hadharani tangu siku ya kwanza, imechapwa katika waraka wa serikali ambao hakuna mtu wa kawaida aliyeusoma. Hiyo ni aina ya siri inayonitisha kuliko ya kabatini, kwa kuwa imewekwa mezani mbele ya kila mtu na bado hakuna anayeiona.

Halafu kuna kitu ambacho orodha ya waliopata haiwezi kukuonyesha hata ukiisoma mara kumi, nacho ni waliokosa. Marekani kuna wafugaji wa kuku wa nyama wanaofuga kwa mkataba. Kampuni inaleta vifaranga, wao wana banda na jasho, kampuni inarudi kuchukua kuku. Kwa vile kuku si wao, awamu za mwanzo za CFAP hazikuwahesabu. Korona iliwakatia mizunguko ya vifaranga, mabanda yakakaa matupu huku mkopo wa banda unaendelea kulipwa, na hawakuwa kwenye orodha yoyote. Waliingizwa mwaka 2021 tu, baada ya bunge kuagiza. Wakati wote huo mtu angeweza kuisifia orodha kwa kuwa safi, na kweli ilikuwa safi.

Ujanja wa kisheria nao upo. Kwa miaka mingi ruzuku za kilimo za Marekani zimekuwa na kikomo kwa kila mtu anayeshiriki kazi ya shamba, na kwa miaka mingi mashamba makubwa yamegundua kwamba "mtu" ni neno la kunyumbulika. Shamba likiwa la ubia, kila mbia anahesabiwa kivyake. Sheria ya kilimo ya 2018 ikapanua maana ya familia ili wapwa na binamu nao wahesabiwe. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Nilidhani kuandikisha wapwa ni ufundi wetu.

Machungwa ya Minnesota

Pamoja na yote niliyosema, majina yana kazi yake, na kisa bora cha kuonyesha hivyo hakitoki kwenye fungu la kilimo. Kinatoka kwenye mikopo ya mishahara, ule mpango wa PPP uliowapa wafanyabiashara wadogo, wakulima wakiwamo, mkopo uliofutwa ikiwa umetumika kulipa mishahara na gharama fulani.

Mwanzoni taasisi iliyosimamia mikopo hiyo ilikataa kutoa majina yote. Julai 2020 ilitoa ya waliokopa dola 150,000 na kuendelea, tena kwa makadirio ya "kati ya hapa na pale". Wakopaji wengi kabisa walikuwa chini ya hapo, kwa hiyo wakabaki gizani. Vyombo vya habari, likiwamo gazeti la Washington Post, vikaenda mahakamani. Novemba mwaka huo jaji akaamuru kila kitu kitolewe, na mwanzoni mwa Desemba 2020 orodha kamili ikatoka, jina kwa jina, dola kwa dola.

Miezi michache baadaye, Mei 2021, waandishi wa ProPublica waliokuwa wakiichambua orodha hiyo wakakuta mamia ya mashamba yasiyokuwapo. Lilikuwapo shamba la michungwa Minnesota, jimbo ambalo maziwa yake huganda barafu wakati wa baridi. Ilikuwapo ranchi ya ng'ombe kwenye kisiwa cha mchanga pwani ya New Jersey. Ni sawa na mtu kukopeshwa kwa ajili ya shamba lake la mpunga lililopo Posta ya Zamani, pale panapopandiwa boti. Mfumo wa kompyuta uliopitisha mikopo haukujua Minnesota kuna baridi. Mwenyeji wa pale anajua. Faida kubwa ya kuweka majina na mahali pamoja ni kumpa mwenyeji nafasi ya kusema, "Mimi naishi hapa, hilo shamba halipo."

Na ona kilichofanya kazi. Mikopo mingi kati ya hiyo ya mashamba hewa ilikuwa midogo, kiasi cha dola elfu 20 hivi. Ingekuwa orodha ya wakubwa peke yao, isingeonekana hata mmoja. Hapo hoja ya "waacheni wadogo" inatikisika, na nakiri kwamba ilinitikisa mimi pia, kwa sababu naipenda.

Siri ya shamba, hela ya umma

Marekani wana mstari mmoja wa kisheria ambao ningependa watu wetu waufikirie. Kifungu cha 1619 cha sheria yao ya kilimo ya 2008 kinaizuia wizara kutoa habari ambazo mkulima amewapa kuhusu shughuli zake, pamoja na ramani za shamba lake. Lakini kifungu hicho hicho kinaacha wazi habari za malipo, yaani jina, anwani na kiasi. Unalima nini, wapi, unapanda lini, hiyo ni siri yako. Ukipokea hela ya umma, kiasi ulichopokea si siri yako peke yako. Shirika la kiraia la EWG limekuwa likizikusanya habari hizo na kuziweka mtandaoni, na ndiko binamu yetu alikoliona jina la bosi wake.

Wala wao hawako wazi kila mahali. Bima ya mazao inalipiwa sehemu kubwa na serikali, na majina ya wanaonufaika nayo hayatolewi. Hela ni ya umma ile ile, ila imepita mlango mwingine.

Ulaya waliufikisha ugomvi huu mbali zaidi. Umoja wa Ulaya uliwahi kuagiza majina ya wote wanaopokea fedha zake za kilimo yachapishwe mtandaoni, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mji, namba ya posta na kiasi. Katika jimbo la Hessen, Ujerumani, shamba moja la ubia na mkulima mmoja wakagoma. Hoja yao haikuwa mbali na ya shemeji, yaani kwamba mapato yangu yanakuwa mali ya jirani. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Novemba 9, 2010 mahakama ikawapa ushindi kwa upande wa watu binafsi. Haikusema uwazi ni mbaya. Ilisema huwezi kuwaanika wote kwa kipimo kimoja bila kuangalia mtu amepokea kiasi gani, kwa muda gani, mara ngapi na kwa msaada wa aina ipi. Kampuni zilibaki wazi.

Kanuni mpya ya 2013 ikarudisha majina ya watu, ikiwaacha nje wadogo kabisa. Kizingiti kikafungwa na mpango wao wa wakulima wadogo, hadi euro 1,250 kwa mwaka, ambazo kwa viwango vya siku hizi ni zaidi ya Sh milioni 3. Aliye chini ya hapo kiasi chake kinachapishwa, ila mahali pa jina inawekwa namba. Hela inaonekana, mtu haonekani. Ni suluhisho la watu waliochoka kugombana, na labda ndiyo maana linafaa.

Turudi Dar

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25 wa kukabili korona, na Oktoba 10 Rais Samia akazindua Dodoma mpango wa kuzitumia, karibu Sh trilioni 1.3. Afya ilipata fungu, elimu ikapata, maji na utalii vikapata, Zanzibar ikapata Sh bilioni 231, na kaya maskini kupitia TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, zikapata kidogo. Kilimo hakikuwa na fungu lake. Mkulima alifikiwa kwa kuzungukwa, maana mwanawe alijengewa darasa, au mtaa wake ulichimbiwa kisima.

Katika uwazi wa matumizi hayo kuna jambo ambalo halikusemwa sana. Madarasa yalikuwa 15,000, na kila moja lilipangiwa Sh milioni 20. Namba hiyo moja tu, milioni 20, ilifanya kazi kuliko ripoti nyingi. Fundi yeyote wa mtaani aliweza kusimama mbele ya darasa, akapiga hesabu ya tofali, bati na madirisha, akakuambia hela imeingia au imeliwa. Watu wakayaita "madarasa ya Uviko" na mpaka leo wanayaonyesha kwa kidole. Baadaye CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akazikagua fedha zile, lakini mzazi alikuwa ameshakagua kabla yake, bila kulipwa posho. Darasa halina ndugu wa kulikopa wala haya ya kuonwa. Ukigawa taslimu, hesabu ya namna hiyo inapotea, na ndipo unapoanza kuhitaji majina.

Kitu kilichomfikia mkulima wetu waziwazi kilikuja Agosti 8, 2022, siku ya Nanenane pale Mbeya, ilipozinduliwa ruzuku ya mbolea. Si fidia ya korona kwa jina, lakini bei za dunia zilikuwa zimepandishwa na korona, kisha vita ya Ukraine ikamalizia. Mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umevuka Sh 130,000 ukashushwa hadi 70,000 kwa mkulima aliyejisajili. Serikali ilitenga Sh bilioni 150 msimu huo. Shemeji ana ekari mbili za mahindi Mkuranga, akajiandikisha kwa mtendaji, akapata namba yake kwenye simu, akaenda nayo kwa wakala na kununua mifuko miwili.

Swali la kujiuliza ni nani aliyelipwa na serikali hapo. Si shemeji. Yeye alilipa 70,000 kutoka mfukoni mwake. Tofauti ililipwa kwa kampuni iliyoleta mbolea. Kwa hiyo mtu anayedai orodha ya wakulima wote walionunua kwa ruzuku, mamia ya maelfu ya majina, anadai karatasi nyingi zenye habari kidogo. Habari iko kwingine, kwa kampuni gani zililipwa, kila moja kiasi gani, kwa mifuko mingapi, na katika kata ipi mifuko hiyo inasemekana iliuzwa. Orodha hiyo ni fupi, haimvunjii heshima mzee yeyote wa kijijini, na ndiyo ambayo wizi, kama upo, hauwezi kuikwepa.

Tunajua hivyo kwa uzoefu. Zama za vocha za pembejeo, kuanzia msimu wa 2008/09, mkulima alipewa vocha apeleke kwa wakala. Kote walikolalamika, lalamiko lilikuwa moja: mkulima alitia sahihi, akapewa vijisenti, mbegu na mbolea hakuziona, na wakala akaenda kudai kamili. Wengine walisainiwa bila kujua, na wengine walikuwa makaburini. Majina yalikuwapo tele. Hakuna aliyemsomea mkulima jina lake kwa sauti na kumuuliza, "Je, ulipokea?"

Kusoma kwa sauti si utani. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulijengwa juu ya jambo hilo: majina yanapendekezwa na kujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kijijini unasema "fulani" na watu ishirini wanajua ana ng'ombe wangapi na mwanawe wa mjini anatuma nini. Hata hivyo mwaka 2016 uhakiki ulikuta makumi ya maelfu ya kaya hewa, kwa hiyo mkutano si dawa ya kila ugonjwa. Na kwa Dar dawa yenyewe inapungua nguvu. Chanika ya leo nusu ni wahamiaji, wapangaji wanahama kila miezi sita, na mkutano wa mtaa ukiitishwa Jumamosi saa nne wanakuja wazee wale wale kumi na wawili. Majirani wasiojuana hawawezi kuhakikiana.

Barua na ubao

Sheria tunazo. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mtu dhidi ya kuanikwa ovyo. Zinakutana hasa mahali ambapo mkulima anapokea hela ya umma, na ofisa asiyetaka kujibu sasa ana kisingizio cha pili. Zamani alisema "ni siri ya serikali". Sasa anaweza kusema "ni taarifa binafsi", na kauli hiyo ina harufu ya kisasa.

Nilijaribu mwenyewe, kwa udadisi tu. Nilikwenda ofisi moja ya serikali hapa jijini, nikauliza idadi ya wakulima waliosajiliwa kwa mbolea katika kata hiyo. Sikuomba jina hata moja, idadi tu. Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Akaniambia nilete barua. Nikaleta. Akaniambia mhusika yuko semina. Nikarudi wiki iliyofuata, mhusika amerudi, ila faili ameondoka nalo mwenzake. Pembeni ya mlango palikuwa na ubao wa matangazo, mzuri, wenye kioo na kufuli dogo la shaba. Ndani yake karatasi ya mapato na matumizi ilikuwa imegeuka manjano, wino umefifia mpaka tarakimu za juu hazisomeki, na mjusi amejilaza kwenye jumla kuu. Nikauliza nani ana ufunguo. Wakatazamana.

Sisemi kwamba yule dada alikuwa anaficha kitu. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba idadi si siri. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaharakati wenzangu wanaodai "majina yote, sasa". Ofisi ambayo haijazoea kutoa jumla, ukiilazimisha itoe majina, itakupa majina ya wanyonge kwanza, kwa kuwa ndiyo yasiyo na mtu wa kuyatetea.

Ningekuwa na kauli ningeanza na fomula, kwa Kiswahili cha sokoni, ibandikwe kabla hela haijatoka: nani anastahili, anapata ngapi kwa kuku au kwa ekari, mwisho ni kiasi gani. Kisha jumla ya kila kata na idadi ya waliopata, na pembeni yake idadi ya waliokataliwa na kwa sababu gani, maana safu hiyo ndiyo inayowakumbuka wale wa kuku wa mkataba. Kampuni, mawakala na vikundi vitajwe kwa majina bila kujali kiasi, kwa kuwa ndiko hela nyingi zinakopita. Kuhusu vikundi hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za CAG kujaa vikundi hewa. Mtu mmoja mmoja atajwe akivuka kizingiti. Chini ya hapo apewe namba, na mwenye namba aweze kuuliza kwa simu, "Mmeandika nimepokea nini?"

Hilo la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania. Machungwa ya Minnesota yananikumbusha kwamba wadogo wa bandia wanajificha nyuma ya wadogo wa kweli, na kizingiti kinawapa kivuli. Lakini shamba hewa likiwa na namba ya simu ya mtu halisi, au kitambulisho chake, na mtu huyo akapata ujumbe kwamba amepokea hela asiyoijua, kivuli kinapungua bila ukoo mzima kujulishwa. Hakiishi chote, nakubali.

Jumapili iliyopita nilimpelekea shemeji hoja ya kizingiti. Alikuwa anachagua mayai, yenye nyufa ndoo moja, mazima kwenye trei. Nikamweleza habari za Hessen, euro na namba badala ya jina. Akasikiliza bila kusimamisha mikono.

"Milioni tatu?" akauliza.

"Na ushee."

Akafikiri kidogo. "Hiyo sawa. Mimi sifiki hapo." Akaweka yai, akaashiria kwa kidevu upande wa barabara, kwenye mabanda manne marefu yenye taa usiku kucha. "Ila shem, yule jamaa pale, lake waliweke. Tena waliandike kwa herufi kubwa."